Mthamini Asiyenunua: Huduma Tuliyoipata kwa Treni za Marehemu Baba

Kama yuko mtu Unguja au Pemba aliyeachiwa na mzee wake makasha ya treni ndogo za umeme na hajui aanzie wapi, maandishi haya ni yake. Nazungumzia mzee mmoja wa Vuga anayethamini vitu vya aina hiyo kwa malipo, pamoja na nyumba ya mnada ya Uingereza ambako treni zetu ziliuzwa baada ya yeye kuzikagua. Mzee mwenyewe ameniomba nisiliandike jina lake. Hana kibao mlangoni. Lakini mafundi saa wa Mkunazini wanamjua, na ukiwauliza kwa adabu watakuelekeza.

Nitangulize hukumu yangu kwa asiye na wakati wa kusoma yote: pesa tuliyomlipa mzee huyu ndiyo iliyotumika vizuri kuliko zote katika shughuli nzima ya mirathi. Sababu kubwa ni kwamba hanunui anachokithamini. Hanunui yeye, hamtafutii rafiki yake, wala hachukui chochote katika mauzo. Analipwa elfu themanini kwa siku ya kazi, awe ametazama vitu vitano au hamsini. Akikwambia kitu hakina bei, hakuna anachofaidi. Akikwambia kina bei kubwa, vilevile hafaidi. Mpaka nilipokaa naye mezani sikuwa nimefahamu uzito wa jambo hili.

Marehemu baba, Mungu amrehemu, alikuwa baharia wa meli za mizigo. Wenzake wakirudi na redio na vitambaa, yeye akirudi na vichwa vya treni na mabehewa, vyengine amevinunua Liverpool, vyengine Hamburg, vyengine amepewa. Sikukuu ya Idi akizitandaza reli sebuleni kwetu Kikwajuni na watoto wa mtaa mzima wakija kutazama. Alivitunza kwa mapenzi, na aliandika kila alichonunua katika daftari moja la jalada gumu: mji, mwezi, na bei aliyolipa. Daftari hilo litarudi tena huko mbele, kwa sababu liliongeza thamani ya mali kuliko yeyote kati yetu alivyotarajia.

Alipofariki tulibaki warithi watano: mama, kaka zangu wawili, mimi na mdogo wangu wa kike. Hesabu ya mirathi yetu ni nyepesi kuisema. Mama anapata thumni, kinachobaki tunagawana watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Ukiikata mali mafungu 48, mama ana 6, kila kaka ana 14, mimi na mdogo wangu kila mmoja ana 7. Nyumba ina bei yake, na mikarafuu ya Pemba pia ina bei yake. Wapo watu wengi wa kukwambia. Lakini makasha saba ya treni? Kugawana kwa macho tu, huyu achukue kasha hili na yule lile, kungekuwa dhuluma hata kama kila mtu ana nia njema, maana kichwa kimoja cha treni kinaweza kupita thamani ya kasha zima la mwenzako na usijue wewe wala yeye.

Kabla ya kumjua mzee wa Vuga tulikwenda katika duka moja la vitu vya kale mjini. Silitaji. Mwenye duka alifika nyumbani, akafunua makasha mawili kati ya saba, hakufungua boksi hata moja, akasema atatoa laki nane kwa vyote, pesa taslimu, siku hiyohiyo. Kaka mdogo alitaka tukubali, na simlaumu, tulikuwa tumechoka. Mimi kilichonizuia si udogo wa pesa, kwa sababu sikujua kama ni ndogo au kubwa. Nilimuuliza, "Laki nane hii imetokana na kitu gani? Kipi ni cha laki na kipi ni cha elfu tano?" Hakuwa na jibu. Mtu ambaye hawezi kukutenganishia bei, kitu hiki na hiki, hajathamini. Amekisia, na amekisia akiwa upande wa mnunuzi.

Mzee wa Vuga alifanya kinyume chake kabisa. Yeye amezeeka na reli. Ujana wake aliutumia katika karakana za reli bara, enzi za Afrika Mashariki moja, na amewahi kuzishika kwa mikono yake zile Garratt kubwa, treni za mvuke za daraja la 59 zilizotengenezwa Manchester na Beyer Peacock katika miaka ya 1950, zilizopewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977 alibaki Dar es Salaam, na baada ya kustaafu akarudi kwao. Treni ndogo alianza kuzikusanya kwa sababu alizijua kubwa.

Alipofika kwetu aliomba meza kubwa karibu na dirisha, shuka jeupe, na kikombe cha chai isiyo na sukari. Alitoa miwani ya kukuza, sumaku ndogo, na kipimo cha chuma. Mama akamkaribisha, wakasalimiana kwa urefu kama wanavyosalimiana watu wa umri wao, na jambo la kwanza alilouliza halikuhusu treni hata kidogo. "Bibi, nani amezigusa tangu marehemu aondoke?"

Mama akasema yeye tu, na kwamba ameweka naftalini katika kila kasha ili wadudu wasiingie. Mzee akatikisa kichwa polepole na kumwambia kwa heshima kwamba amefanya vyema kuzilinda, lakini naftalini itolewe leo hii, maana mvuke wake hulainisha baadhi ya plastiki, na mabehewa ya miaka ya mwisho yana sehemu za plastiki. Kisha akamgeukia kaka mkubwa, aliyekuwa tayari na kitambaa na dawa ya kung'arishia shaba. "Mwanangu, weka chini hiyo. Rangi ya kiwandani ikishatoka hairudi, na anayenunua anainunua hiyo rangi." Akaeleza kuwa vumbi huondolewa kwa brashi laini kavu, basi. Kupaka rangi upya, hata ikipakwa na fundi hodari, huangusha bei.

Ndipo akaanza kupima. Kwa kipimo chake alionyesha kuwa treni nyingi za baba zinatembea kwenye reli yenye upana wa milimita 16.5, za Kiingereza na za Kijerumani sawasawa, lakini ukubwa wa treni zenyewe haulingani. Za Wajerumani zimepunguzwa mara 87, za Waingereza mara 76. Treni halisi za Uingereza ni nyembamba, na mota za zamani hazikuweza kuenea ndani ya umbo dogo hivyo. Kwa hiyo watengenezaji wakalikuza umbo na reli wakaiacha ilivyo. Kaka mdogo, aliyekuwa amekaa mbali na uso wa hasira, alisogeza kiti. Ilikuwapo pia treni moja ya bati, ya ufunguo, yenye reli ya milimita 32, kubwa na nzito, na ufunguo wake haupo. Sumaku iling'ang'ania bati lile, lakini kwenye vichwa vingi vya umeme haikushika, na hapo akatufundisha jambo ambalo kila mtu wa pwani anayerithi vitu hivi anapaswa kulijua.

Vichwa hivyo vimemiminwa kwa mchanganyiko wa zinki. Zinki ikiwa safi, kichwa kinadumu. Ikiwa kiwandani ilichafuliwa na risasi kidogo tu, mchanganyiko huo huanza kuvimba na kupasuka kwa ndani, taratibu, kwa miaka, na joto la mvuke kama letu huharakisha. Vitu vya kabla ya vita vya pili ndivyo vilivyo hatarini zaidi. Alikitoa kichwa kimoja cha buluu, kinachoitwa Sir Nigel Gresley, akapitisha ukucha pembeni, akatuonyesha nyufa nyembamba kama unywele. Sisi tulidhani ni mikwaruzo. "Huu ni ugonjwa, hauna dawa. Msikifunge, msikibane, na msimuuzie mtu bila kumwambia." Katika ripoti aliandika nyufa zote moja baada ya moja, na bei akaishusha chini sana. Mtu anayetaka kununua angeweza kutuonyesha nyufa hizo ili apunguziwe, na mtu anayetafuta asilimia angeweza kuzinyamazia. Yeye aliziandika kwa sababu zipo.

Sasa nifike kwenye kile kilichobadilisha hesabu yote.

Baba alikuwa na vichwa viwili vikubwa vinavyofanana umbo, vyote vya Hornby Dublo, chapa ya Kiingereza ya treni ndogo za umeme. Cha kwanza ni cha kijani, Duchess of Montrose, namba 46232. Hicho ndicho tulichokijua sote, ndicho kilichokimbia Idi zote, na nyumbani tulikiona ndicho cha thamani. Cha pili ni cha rangi ya damu ya mzee, ndani ya boksi lake jekundu lenye mistari myeupe, hakikutolewa mara nyingi. Jina lake City of Liverpool, namba 46247. Mzee alipolifungua boksi hilo alinyamaza, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Halafu akakipindua kichwa tumbo juu.

Alichokuwa akikitafuta ni viatu vidogo vya chuma vinavyochukua umeme kutoka reli ya katikati. Hornby Dublo, iliyoanzishwa mwaka 1938 na kampuni ya Meccano ya Liverpool, ilikuwa ya reli tatu mpaka mwaka 1959, walipoleta reli mbili. Baada ya hapo wateja wengi wakafuata reli mbili, lakini kiwanda kiliendelea kutengeneza vichwa vichache vya reli tatu kwa wale waliokuwa na reli za zamani. Walionunua ni wachache, na mwaka 1964 Meccano yenyewe ikachukuliwa na Lines Bros, wenye chapa shindani ya treni ya Tri-ang, na mambo hayo yakaisha. City of Liverpool ni cha kundi hilo la mwisho la reli tatu. Kipo pacha wake wa reli mbili, City of London, namba 46245, umbo lilelile na rangi ileile, ambacho ni rahisi zaidi kukipata. Na wapo watu wanaobadilisha cha reli mbili wakakiuza kama cha reli tatu. Kwa hiyo mzee hakutosheka na jina ubavuni. Alitazama skrubu kama zimeguswa na bisibisi, akatazama viatu, akatazama namba iliyo kwenye boksi. Kisha akaomba daftari la baba.

Lilikuwepo humo, kwa mwandiko wa baba: Liverpool, mwezi, bei. Bei kwa shilingi za Kiingereza za wakati ule, kabla hawajabadilisha hesabu ya pesa zao mwaka 1971. Mzee akalipiga picha ukurasa huo na kuuambatanisha na ripoti. Akasema mnunuzi wa kweli anataka kujua kitu kimetoka mkononi mwa nani, na mwandiko wa aliyekinunua mpya ni ushahidi ambao duka haliwezi kuutengeneza. Duchess of Montrose, alichokuwa nacho kila mtoto wa Kiingereza aliyebahatika, alikikadiria paundi 40 hadi 60 kwa kuwa hakina boksi. City of Liverpool alikikadiria 200 hadi 300. Mwenye duka alikuwa amelishika boksi hilohilo akalirudisha chini bila kulifungua.

Namna anavyopata bei naisifu kwa moyo wote, na ninashauri hata asiyemwita aifuate. Hatazami bei wanazoomba wauzaji kwenye intaneti. Bei ya kuomba mtu anaweza kuandika atakavyo. Anatazama mauzo yaliyokwisha kufanyika, ya eBay na ya minada, kitu kilekile na hali ileile, akaacha ile ya juu kupita zote. Kisha kwa kila kitu anaandika bei tatu: ya kukatia bima, ya mnadani, na ya dalali anayenunua ili auze. Hizo tatu ziko mbalimbali, na ugomvi mwingi wa warithi hutokea pale mmoja ameshika ya bima na mwengine ameshika ya dalali, kila mmoja akidhani mwenziwe anadanganya. Alituambia pia bila kutupaka mafuta kwamba treni za kawaida zinashuka bei, kwa sababu waliozitamani utotoni ni wazee sasa, wengi wanauza na wachache wananunua. Adimu, na zenye maboksi, ndizo zinazosimama.

Maboksi! Mama alikuwa amekaribia kuyatupa yaliyochanika. Mzee aliyapanga yote kwenye mkeka, ya buluu ya zamani na mekundu ya baadaye, akayalinganisha na vitu vyake, na kila alipopata boksi na chake uso wake ulifunguka. Boksi tupu peke yake linauzwa.

Zilizobaki nitazipitia haraka. Märklin ya Kijerumani, ile Krokodili ya kijani inayoiga vichwa vya njia ya Gotthard kule Uswisi, iko hai na ilipata kadirio zuri. Alitukataza kuijaribu kwa transfoma ya Kiingereza, kwa sababu Märklin hutumia umeme wa mkondo geu (AC) na Dublo hutumia mkondo mnyoofu (DC) wa volti 12. Ukichanganya unaweza kuunguza mota. Transfoma za zamani zote alizifunga karatasi iliyoandikwa "Usichomeke," maana ngozi za nyaya zimeshakauka. Na ilikuwapo seti ya Piko kutoka Ujerumani Mashariki, ambayo baba alipewa na fundi mmoja wa Kijerumani enzi wanajenga maghorofa ya Kikwajuni na Kilimani. Bei yake ni ndogo, akatuambia wazi, lakini hakuiandika kwa haraka kuliko nyengine.

Kitu kimoja hakukipa bei. Chini ya kasha la sita kulikuwa na treni ya mbao, baba aliitengeneza mwenyewe kwa ubao wa makasha ya chai, magurudumu ya vifuniko vya soda, na ubavuni ameandika BUBUBU. Vijana wengi hawajui kwamba Unguja ilikuwa na reli. Sayyid Barghash alijenga ya kwanza mwaka 1879, maili 7 kutoka mjini mpaka Chukwani, mabehewa yakivutwa na nyumbu; mwaka 1881 akaagiza kichwa cha mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza, na alipofariki mwaka 1888 reli ikafa naye. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney, ikajenga nyengine, ya mjini hadi Bububu, na Ngome Kongwe ikatumika kama bohari yake. Babu yetu alikuwa akiipanda, na alimhadithia baba. Mzee wa Vuga aliishika ile ya mbao kwa muda mrefu kuliko alivyoshika City of Liverpool. Katika ripoti aliandika: "Kazi ya mkono ya marehemu. Sijapata kuona mfano wa treni hii ukiuzwa popote. Soko halina bei yake, warithi wasikilizane." Angeweza kuandika sifuri, na sifuri ingekuwa uongo. Tulisikilizana, kwa ridhaa ya sote watano ikatoka nje ya hesabu, iko chumbani kwa mama.

Kuhusu mnada nitasema kwa ufupi. Ni nyumba inayouza vitu vya kuchezea peke yake, na mzee alitushauri tuandikie nyumba tatu za aina hiyo, tupeleke picha na ripoti, tulinganishe masharti. Hakutuchagulia. Tuliyoichagua sisi ilijibu kwa adabu, ikatutumia masharti yote kabla hatujapakia chochote, na ikatuongoza katika karatasi za forodha na kodi ya kuingiza mali Uingereza. Kamisheni yao ni asilimia 15, na juu ya kamisheni hiyo kuna VAT ya asilimia 20, kwa hiyo katika kila paundi 100 za bei ya nyundo, yaani bei iliyoshinda mnadani, zilitoka 18. Mnunuzi naye hulipa ada yake juu ya bei ya nyundo, na hiyo humfanya aache kupandisha bei mapema. Ni vyema kulijua hili usije ukashangaa. Walikubali tuweke bei ambayo kitu hakiuzwi chini yake kwa vitu vitatu tu, na vilivyobaki vikaenda bila kinga. Vya kawaida waliviuza kwa mafungu, behewa kumi hapa, reli zote pale.

Vichwa ni vizito na usafirishaji kwa ndege si rahisi. Tulifunga kila kimoja kwa karatasi nyeupe laini kwanza, kisha ndipo plastiki yenye mapovu, maana plastiki hiyo ikigusa rangi moja kwa moja katika joto letu huacha alama za duara. Hakuna kilichovunjika.

City of Liverpool kilipita kadirio la juu. Montrose kikaangukia katikati. Krokodili kikafika. Buluu chenye nyufa kilinunuliwa na mtu aliyetaka vipuri vyake, akijua hasa anachonunua. Fungu moja la mabehewa halikupata mtu, likauzwa mnada uliofuata kwa bei ndogo. Jumla, baada ya kutoa kamisheni, usafiri na malipo ya mzee, ilizidi laki nane mara kadhaa, na kila shilingi ilikuwa na karatasi yake. Karatasi hizo tulikwenda nazo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana pamoja na za nyumba na shamba, na hesabu ya mafungu 48 ikafanywa juu ya namba zinazoonekana. Kaka mdogo, ambaye alitaka kuuza siku ya kwanza, ndiye aliyezisoma kwa sauti mbele ya mama.

Upungufu wa mzee nautaja, kwa sababu mwenye kuomba ushauri anastahili kuambiwa yote. Anaandika kwa mkono, mwandiko mzuri lakini mdogo, na nyumba za mnada zilitaka nakala iliyochapwa; ilinibidi niichape mwenyewe, nikikaa na kamusi kwa maneno ya Kiingereza. Ni taratibu sana. Mwenye kutaka jibu ndani ya wiki asimwendee. Pemba hafiki; mimi nasomesha skuli Chake Chake na nilipomwomba aje kutazama vitu vya jirani yangu alikataa, akasema vivuke bahari vyenyewe. Hathamini kwa picha za simu. Treni za Kijapani na za Kimarekani hazijui, na atakwambia hazijui, hatakisia. Stempu na sarafu pia hazigusi.

Kwa mtu mwenye seti moja ya plastiki ya juzijuzi, malipo yake yatakula mali yote, na mzee mwenyewe atakurudisha mlangoni kabla hajafungua mkoba. Kwa mwenye makasha mengi, ya miaka ya 1960 kurudi nyuma, na hasa kwa warithi zaidi ya mmoja, nampa nyota tano bila kusita. Nyumba ya mnada naipa nne. Moja naizuia kwa ajili ya lile fungu lililosubiri mnada wa pili bila sisi kuarifiwa mpaka tulipouliza.

Ukienda kwake, nenda asubuhi, na Ijumaa usiende. Chukua maboksi yote hata yaliyochanika, vijitabu vyote vya maelezo, risiti, barua, daftari lolote la marehemu. Mwambie nani alinunua, wapi, na vilihifadhiwa chumba gani. Usisafishe kitu. Na mkitaka mrithi mwengine asije kusema amefichwa, nendeni wote pamoja. Mzee anapenda hivyo, na huuliza kila mmoja jina lake kabla hajafungua kasha la kwanza.